Ufunguo Umebaki Bondeni

Tulitoka mjini jogoo hajamaliza neno lake:
mimi, shangazi Haykanush, na binamu Tatul mwenye gari
ambalo mlango wake mmoja hufungwa kwa kamba.
Shangazi alipakata kikapu kama mtoto wa watu:
mikate ya lavashi iliyokunjwa kama shuka,
jibini la chumvi, matango sita, mishumaa mitatu
ya nta ya njano, myembamba kama vidole vya mgonjwa.

Barabara ikaishia kijijini. Iliishia tu,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Nyumba ya mwisho tukaomba maji.
Mwanamke akatuletea birika, mikono myeupe kwa unga,
akavitazama viatu vyetu, akasema,
"Saa mbili, kwa miguu hiyo,"
akarudi kwenye kinyunga chake.

Kisha njia. Kwanza miti ya jozi,
kivuli kizito, cha baridi, chenye harufu ya wino;
halafu mizinga iliyopakwa rangi ya buluu
na nyuki wenyewe, ambao hawakutujali;
halafu mawe, na mawe, na mawe.
Shangazi ana miaka sabini na mmoja.
Kila penye kona alisimama akasifu mandhari.
Tulijua anatafuta pumzi. Tukaisifu pamoja naye.
Na kweli ilistahili: korongo limepasuka chini yetu
kama tikiti lililoponyoka mkononi, jekundu ndani,
na mto ni uzi tu,
uzi ambao ungeweza kuutia kwenye tundu la sindano.

Hapo Tatul, asiyejua kunyamaza, akanyamaza.

Monasteri haikuonekana, mpaka ilipoonekana.
Rangi yake ni ya mlima ule ule.
Kuba limeota nyasi, na mbuzi mmoja,
Mungu anajua alipandaje, alikuwa akizila.
Ukutani, misalaba ya mawe:
imesukwa zaidi ya kuchongwa,
ungedhani ni ukili, si kazi ya patasi.
Na mlangoni, kufuli la ukubwa wa ngumi.

Mtawa wa mwisho alizikwa shangazi hajazaliwa.
Tatul akalitikisa kufuli, akaliita majina ya wanyama.
Shangazi akaketi kizingitini, akavua kiatu,
akatoa kokoto iliyomsumbua tangu kwenye mizinga,
akaitazama kitambo, akaitia mfukoni.

"Leteni mishumaa."
Mmoja wa marehemu mumewe.
Mmoja wa mwanawe Hrant, aliyekwenda Urusi
kujenga nyumba za watu, na simu yake
imekaa kimya tangu theluji ya kwanza.
Upepo ukauzima, tukauwasha, ukauzima,
mpaka tukafungua makoti tukawa ukuta.
Nta ikamdondokea mkononi; hakuuondoa.
Na moshi, mwembamba, ukainama,
ukapita chini ya mlango, ukaingia ndani
bila kumwomba mtu ufunguo.

Kupanda tulipanda kwa mapafu,
kushuka tukashuka kwa magoti,
na ngoma, kama wasemavyo, ndiyo hiyo.
Nyumba ya mwisho, mwanamke yule yule.
"Mlifika?"
"Tulifika. Pamefungwa."
Akacheka hadi akashika kiuno.
Nyuma yake, msumarini, kando ya upawa,
ufunguo, mrefu kama mkono wa kitoto.
"Mliomba maji," akasema, "nikawapa maji."

Shangazi akaupokea. Akaupima uzito.
Akaugeuza hewani, mara moja, kulia,
kama anayefungua,
akaurudisha, akashukuru, akaomba tena maji.

Garini giza, mlango wa kamba ukijipigapiga.
Mshumaa wa tatu umebaki kikapuni na maganda ya matango;
hakusema ni wa nani, nasi hatukumwuliza.
Tatul akauliza tutarudi lini.
Shangazi alikuwa amelala, au alijifanya:
mfukoni mwake, kidole
kilikuwa kinaizungusha, kinaizungusha kokoto.